Kipindupindu cha Unguja na Maji ya Chemchem

Mtu asimamaye Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro, huiona milima ya Uluguru upande wa kusini, na karibu yake huiona reli iendayo Dar es Salaam. Nchi hii hupitiwa na mto Ngerengere, ambao maji yake hushuka kutoka katika milima ile ile. Zamani, kabla ya reli, watu walisafiri kwa miguu. Misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo, ikapita katika nchi hii chini ya milima, ikaenda zake Ugogo na Unyanyembe, hata Ujiji. Wapagazi walichukua nguo, shanga na waya, wakarudi na pembe za ndovu. Walakini njia ya biashara huchukua na mizigo isiyoandikwa katika daftari ya tajiri. Mmoja katika mizigo hiyo ulikuwa ugonjwa wa kipindupindu. Leo tutasoma jinsi ulivyoingia katika mji wa Unguja, na jinsi serikali ya mji ule ilivyowasaidia watu wake baadaye.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Kipindupindu huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kijidudu hicho humwingia mtu kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, naye hutapika, macho yakaingia ndani, ngozi ikanywea, sauti ikapotea. Mwili hukauka kama kisima kinachotekwa bila kujazwa. Mtu aweza kuamka mzima asubuhi, na asipopata msaada akafa kabla ya jua kuchwa.

Asili ya ugonjwa huu ni Bara Hindi, katika nchi za mto Ganges. Tangu mwaka 1817 umetoka huko mara kwa mara na kuzunguka dunia. Unguja ulipigwa mwaka 1821, tena mwaka 1836, tena mwaka 1858. Kisha ukaja mwaka 1869, na mara hii ulikuwa mkali kupita zote.

Watu wengi wangedhani kwamba uliletwa na jahazi, kwa kuwa Unguja ni kisiwa na bandari yake ilijaa vyombo vya Bara Hindi na Arabuni. Sivyo. Tabibu mmoja wa Kizungu, jina lake James Christie, alikuwa akikaa Unguja siku zile. Aliwauliza wafanya biashara, mahujaji na wenye misafara, mmoja mmoja, akafuata nyayo za ugonjwa kama mwindaji afuatavyo nyayo za mnyama. Akaona kwamba ulitoka Makka, ambako mahujaji wengi walikufa mwaka 1865, ukavuka Bahari ya Sham, ukapita Uhabeshi, ukashuka kwa njia za nchi kavu hata nchi ya Wamasai. Huko misafara ya watu wa pwani iliukuta, ikarudi nao Pangani. Kutoka Pangani kwenda Unguja ni safari fupi ya jahazi. Habari hizi zote Christie aliziandika katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1876.

Sasa tuutazame mji wa Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Nyumba za mawe za matajiri zilisongamana upande wa bahari. Ng'ambo ya hori kulikuwa na vibanda vya maskini na watumwa, kwani soko la watumwa lilikuwa bado wazi, wala halikufungwa mpaka mwaka 1873. Visima vilikuwa vifupi, vimechimbwa karibu na mashimo ya vyoo. Mvua iliponyesha, maji ya uchafu yalipenya ardhini na kuingia visimani. Watu waliteka, wakanywa, wakafa kwa maelfu. Waliokufa zaidi walikuwa watumwa na maskini, ambao hawakuwa na mtu wa kuwauguza, na wengine hawakuwa hata na mtu wa kuwazika.

Mtawala wa siku zile alikuwa Seyyid Majid. Serikali yake haikuwa na idara ya afya, wala mabomba ya maji. Walikuwako watawa wa Kikatoliki, ambao watangulizi wao walifika mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion na kufungua nyumba ya kutibia wagonjwa. Lakini mikono ya wachache ingeweza nini juu ya mji mzima? Wala ugonjwa haukukaa kisiwani. Uliingia katika misafara, ukaenda bara kwa njia ile ile ya wapagazi. David Livingstone alikuwa mbali sana, katika nchi ya Manyema ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na huko nako ugonjwa ulifika.

Huenda mtasema, hawakuwa na kosa, maana hawakujua. Ni kweli kwamba kijidudu chenyewe hakikujulikana vema mpaka Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alipokichunguza Misri na Bara Hindi mwaka 1883 na 1884. Lakini miaka 15 kabla ya msiba wa Unguja, yaani mwaka 1854, tabibu John Snow wa London alikwisha kuonyesha njia. Katika mtaa wake watu zaidi ya 500 walikufa kwa siku chache. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza maji yalitekwa wapi, akaona kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja, iliyokuwa katika njia iitwayo Broad Street. Akawasihi wazee wa mtaa waondoe mpini wa pampu ile, nao wakauondoa, ingawa wengi wao hawakumwamini. Yafaa kusema kweli, ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wamekimbia. Hata hivyo jambo lile lilikuwa kubwa: serikali ya mtaa iliutendea maji ugonjwa ambao watu walidhani waletwa na harufu mbaya.

Seyyid Majid alifariki mwezi wa Oktoba 1870, akatawala ndugu yake, Seyyid Barghash. Mtu huyu alikuwa amekaa Bombay alipopelekwa huko uhamishoni kwa sababu ya ugomvi wa kiti cha enzi, akaona mji mkubwa na kazi zake. Mwanzo wa utawala wake haukuwa mwema. Kipindupindu kilikuwa kimeua watu, na mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilivunja merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu. Lakini katika miaka ya utawala wake, uliokwisha mwaka 1888, alifanya kazi ambayo mimi naihesabu kuwa bora kuliko jumba lake la Beit al-Ajaib, ijapokuwa wageni hulipiga picha jumba na kuyasahau mabomba. Kaskazini ya mji palikuwa na chemchem ya maji safi, paitwapo Chemchem. Alitoa fedha zake, akayaleta maji yale mpaka mjini, watu wakateka bila ya kulipa. Mtumwa na bwana wake wakanywa maji mamoja.

Lakini bomba humfaa yule tu alifikiaye. Mwaka 1978 kipindupindu kilitokea tena katika visiwa vile, nacho kilianza katika kijiji cha wavuvi. Watu 411 waliugua, 51 wakafa.

Nasi wa bara tusidhani kwamba haya ni mambo ya kale. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, na mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kukipata. Tena mwaka 2020 ulikuja ugonjwa mwingine wa dunia nzima, korona. Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, shule zikafungwa, na watoto wa shule za msingi hawakurudi darasani mpaka tarehe 29 Juni. Korona huenea kwa pumzi, wala si kwa maji ya kunywa; hata hivyo ndoo yenye koki na kipande cha sabuni viliwekwa mbele ya maduka na ofisi. Palipo na maji, agizo la kunawa ni jepesi. Pasipo maji, mama aliyenunua dumu moja kwa watoto watano hulisikia agizo lile kwa uchungu.

Mtu akishikwa na kuharisha, asingoje. Apelekwe hospitali upesi, na njiani anyweshwe kidogo kidogo maji yaliyochanganywa hivi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Maji haya hayaui kijidudu, lakini hurudisha yale yaliyopotea mwilini, na kwa hayo watu wengi wameokoka.

Turudi Kingolwira, tuutazame tena Ngerengere. Kutoka hapa mto huu huenda kuungana na Ruvu, na maji ya Ruvu hutekwa, husafishwa kwa mitambo na dawa, kisha huingia katika mabomba ya Dar es Salaam. Mtoto wa Kariakoo ajazaye kikombe chake leo hajui jina la kijiji chetu. Maji aliyo nayo mkononi yalitoka upande wetu.

Maulizo
Kipindupindu cha mwaka 1869 kilifika Unguja kwa njia gani? Chora ramani uionyeshe, tangu Makka.
Kwa nini watumwa na maskini walikufa zaidi?
Wazee wa mtaa wa London walifanya nini, na Seyyid Barghash alifanya nini? Kazi ipi ilihitaji fedha nyingi zaidi?
Watu wa kwenu huteka maji wapi, na choo kilicho karibu kiko umbali wa hatua ngapi? Nenda ukahesabu.