SOMO: MKOPO WA SAFARI UOMBWE LINI?



Katika somo hili tutazungumza juu ya mkopo wa safari. Hatutabishana kama mkopo ni mzuri au mbaya. Tutauliza swali moja: uombwe lini?

Wengi wetu wa Ujiji, Kibirizi, Katonga na vijiji vya mwambao husafiri kwa biashara. Mmoja anapeleka dagaa Tabora au Dar es Salaam kwa reli ya kati. Mwingine anapanda boti kwenda vijiji vya mbali kununua mzigo. Safari ina nauli, magunia, ushuru na chakula cha njiani. Fedha ikipungua, mtu hukopa.

Zamani tulikopa kwa jirani au kwa mwenye duka. Siku hizi kuna VICOBA, SACCOS, benki na simu. Mwaka 2014 kampuni ya Vodacom na benki ya CBA zilianzisha M-Pawa, na watu wakaweza kukopa kwa kubonyeza simu tu. Lakini fedha ikija upesi hivyo, ni rahisi kusahau siku ya kulipa. Ndiyo maana wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

MANENO YA KUJIFUNZA

Riba: nyongeza unayolipa juu ya fedha uliyokopa.
Ada: malipo ya huduma. Huweza kukatwa mara moja au kila siku.
Marejesho: fedha unayomrudishia aliyekukopesha.

ANZA NA SIKU YA KULIPA

Watu wengi huanza na siku ya kukopa. Wewe anza na siku ya kulipa, halafu hesabu kurudi nyuma. Jiulize: fedha itaingia mkononi mwangu siku gani?

Kwetu ziwani, jibu la swali hilo liko angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika.

Tuseme mama mmoja wa Kibirizi amekopa fedha ya safari kwa siku 30, na mwezi unakaribia kuwa mpevu. Anafika mwaloni, dagaa ni wachache na bei iko juu. Inambidi angoje giza lirudi. Yeye anangoja, lakini siku za mkopo hazingoji. Kama angeomba mkopo ule giza linapoanza, angenunua, angesafiri, angeuza na kulipa kwa wakati.

Tena kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Fikiri juu ya mtu aliyekopa mwishoni mwa Aprili, akitegemea kulipa kwa dagaa wa Juni. Ziwa lilipumzika, deni halikupumzika. Basi kabla ya kukopa, ulizia kwa bwana uvuvi au viongozi wa BMU kama kuna tangazo la kufunga ziwa.

TUFANYE HESABU

Tuseme umekopa shilingi 100,000. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, yaani shilingi 10 kwa kila shilingi 100. Kila mwezi utaongeza shilingi 10,000.

Ukilipa baada ya mwezi 1, utarudisha 110,000.
Ukilipa baada ya miezi 3, utarudisha 130,000.

Sasa, tuseme safari yako imekupa faida ya shilingi 25,000 kabla ya kutoa riba. Ukilipa baada ya mwezi 1, unabaki na 15,000. Ukilipa baada ya miezi 3, una hasara ya 5,000. Dagaa ni wale wale, soko ni lile lile. Kilichobadilika ni siku ya kulipa.

ZAWADI ISIKUVUTE

Mara nyingine simu inalia. Ujumbe unasema: kopa leo, upate zawadi. Je, hiyo ni sababu ya kukopa?

Jambo hili haliko kwetu tu. Huko Marekani watu wengi hutumia kadi za mkopo. Mtu hununua vitu kwa kadi, halafu hulipa deni mwisho wa mwezi. Kadi ya Diners Club ilianza New York mwaka 1950. Mwaka 1987 benki ya Citibank na shirika la ndege la American Airlines zilitoa kadi iliyompa mtumiaji maili. Maili zikiwa nyingi, hubadilishwa kuwa tiketi ya ndege.

Siku hizi kadi kama hizo mara nyingi humpa mteja mpya zawadi kubwa, kwa sharti kwamba atumie kiasi fulani cha fedha katika miezi michache ya mwanzo. Mwenye busara huomba kadi wakati ana matumizi makubwa aliyokwisha kuyapanga, na fedha ya kulipa anayo. Asiyelipa deni lote kwa wakati hutozwa riba, na riba hula zawadi. Naye anayenunua vitu asivyohitaji ili apate tiketi ya bure, tiketi hiyo si ya bure tena.

Kanuni hiyo inatufaa hata Kibirizi: panga safari kwanza, ndipo uombe mkopo. Usipange safari kwa sababu mkopo umekuja.

MJUE ANAYEKUKOPESHA

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni au wasajiliwe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Uliza leseni. Uliza riba, ada na siku ya mwisho ya kulipa. Halafu soma masharti yote. Wewe umejifunza kusoma. Usitie sahihi, wala usibonyeze neno "kubali", kabla hujafika mstari wa mwisho.

KUMBUKA. Omba mkopo ikiwa:

1. Safari umeipanga tayari, na gharama zake umeziandika.
2. Unajua siku ambayo fedha itaingia.
3. Siku hiyo inatangulia siku ya kulipa, na umeacha siku chache za dharura.
4. Faida ni kubwa kuliko riba na ada.

Likikosekana hata moja, ngoja. Kungoja hakuna riba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, fedha huingia zaidi miezi gani? Hupungua miezi gani?
2. Kwa nini mvuvi na mkulima wa michikichi hawafai kukopa siku moja?
3. Umekopa shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Utarudisha kiasi gani baada ya miezi 2?

Jibu la swali la 3: shilingi 66,000.