Saa Mbili ya Nani?

Hapa kwetu Mashimoni, Kibera, vibarua wengi hutoka alfajiri kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda. Huko pengine meneja ni Mhindi au Mzungu aliyefika nchini juzi tu. Nitaeleza mambo matatu yanayoweza kumkosesha mtu kazi bure.

Kwanza, saa. Saa mbili yetu ya asubuhi, yeye huiita ya nane. Tofauti ni saa sita nzima.

Pili, kichwa. Mhindi akikiyumbisha huku na huku, mara nyingi maana yake ni "sawa, nimekusikia." Kibarua hudhani amekataliwa, akaenda zake.

Tatu, macho. Wengi wetu tumefunzwa kutazama chini mbele ya mkubwa. Hiyo ni heshima, lakini Mzungu huona ati jamaa anaficha jambo.

Hata hivyo, tusimchanganye mgeni na Mhindi Mkenya. Wahindi zaidi ya 30,000 walijenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, na lugha zao zimetupa gari, bima, laki na chapati. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua kuwa kabila la 44. Huyo saa zetu anazijua sana.

Basi nani ajifunze? Wote wawili: meneja darasani, nasi papa hapa.

Zoezi: Meneja mgeni amekwambia, "Kesho saa mbili." Utasemaje? Jibu: "Asubuhi au mchana, bwana?"