Kupima Antena ya Gari la Doria

Ndugu wasomaji wa Gatumba na wa vijiji vya kando ya mto Rusizi, mkimwona askari akigeuza gari polepole uwanjani, akisimama, akisema machache redioni, kisha akigeuza tena, msidhani anachezea mafuta. Yaelekea anapima antena.

Jambo hilo si dogo. Rusizi ilipofurika mwaka 2020 na kuingia Gatumba, maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Katika saa kama hiyo, gari linaloita bila kusikika Bujumbura halina tofauti na gari lisilokuwepo.

Tuanze na urefu. Redio inayotumia masafa ya megahezi 150 hutoa wimbi lenye urefu wa mita 2, na antena ya kawaida ya gari ni robo yake, yaani karibu sentimita 50. Robo nyingine ya kazi, tukiruhusiwa kusema hivyo, hufanywa na bati la paa. Rangi ikizuia kitako cha antena kugusa bati, antena imepoteza mwenzake.

Mafundi wengi huishia kwenye mita inayoonyesha nguvu inayorudi redioni. Uwiano wa 1.5 maana yake ni asilimia 4 hivi imerudi. Uwiano wa 3 ni asilimia 25. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini chaweza kudanganya. Waya ulioingiwa na maji humeza nguvu inayokwenda na inayorudi pia. Mita iliyo upande wa redio huona kidogo tu kimerudi, fundi hufurahi, na hewani hakuna kilichotoka.

Kwa hiyo lazima awepo msikilizaji, kilomita chache mbali, mwenye chombo cha kupima nguvu ya mawimbi. Mazungumzo yawe ya moja kwa moja. Yakipitia mtambo wa mlimani, msikilizaji atakuwa anaupima mtambo, si gari. Kisha gari ligeuzwe pande nane, na katika kila upande lisogezwe kidogo mara kadhaa na wastani uchukuliwe, kwa kuwa mawimbi yanayogonga mabati ya nyumba hubadilisha kipimo ndani ya nusu mita. Antena ya pili inayojulikana kuwa nzima, iliyowekwa katikati ya paa, iwe ndiyo ya kulinganishia.

Hapo ndipo pembe inapojitokeza. Antena iliyofungwa kwenye kona ya nyuma hupeleka nguvu zaidi kule bati lilikotandazwa, yaani mbele. Gari la namna hiyo likiegeshwa Gatumba likiutazama mpaka, hunena vizuri na Uvira, na kuinong'oneza Bujumbura iliyo mgongoni mwake.

Tambarare ya Imbo inafaa kwa kazi hii. Barabara ya kupanda Bugarama haifai kuanzia, maana Bujumbura iko kwenye mita 770 hivi na safu ya milima yapita 2000. Ukimya nyuma ya kilima huenda ukawa wa kilima chenyewe.

Matokeo huandikwa daftarini. Baada ya masika kiungo cha waya hufunguliwa na kukaushwa, na gari lile lile hurudishwa pale pale, kwa redio ile ile, lipimwe upya.