Sauti ya Ngoma Hutoka Wapi?



Kabla ya ngoma kuanza, wapigaji huwasha moto wa majani makavu na kupasha ngozi za ngoma zao. Kwa nini hufanya hivyo? Soma upate jibu.

1. Sauti ni mtetemo

Weka punje za mchele juu ya ngozi ya ngoma, kisha piga taratibu. Punje zinaruka, kwa sababu ngozi inatetemeka. Ngozi husukuma hewa, na hewa hupeleka mtetemo huo hadi sikioni. Ngozi ikitulia, sauti nayo hukoma.

Sauti husafiri hewani karibu meta 340 kwa sekunde moja. Mtu akikata mti ng'ambo ya bonde, kwanza unaona shoka likishuka, kisha ndipo unasikia pigo.

2. Sauti nene na sauti kubwa

Ngozi iliyolegea hutetemeka polepole. Sauti yake ni nene. Ngozi iliyokazwa hutetemeka haraka. Sauti yake ni nyembamba. Unyevu huilegeza ngozi. Moto huikausha na kuikaza. Ndiyo sababu ya ule moto wa majani.

Ukipiga kwa nguvu, sauti huwa kubwa tu. Basi ngoma ikilegea, usiitwange. Utapasua ngozi bure. Ipashe moto kwanza.

3. Kutunza sauti

Mtetemo unaweza kuhifadhiwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo zake. Mtetemo wa sauti yake ulichorwa katika santuri kama mfereji mwembamba. Siti alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake inasikika hadi leo.

Siku hizi simu ya mkononi hurekodi pia. Lakini ukiiweka karibu na ngoma, utapata kishindo tu. Maneno ya bibi anayeimba yatapotea. Fanya hivi:
- Mwombe mwimbaji ruhusa.
- Weka simu hatua moja mbele yake.
- Wapiga ngoma wakae mbali zaidi.
- Ikinge simu na upepo.
- Rekodi kidogo, sikiliza, sahihisha, ndipo muanze.

Mzee akifariki kabla ya kurekodiwa, huenda nyimbo anazozijua yeye peke yake zikapotea.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ngoma hulegea wakati wa masika?
2. Sauti kubwa na sauti nyembamba zina tofauti gani?
3. Hapa Nyamwage, ni nani anayejua nyimbo za zamani? Mtamwendea lini?