Baga ya Friza na Baga ya Bucha: Maswali ya Nyama ya Kusaga Songea

Nyama ya kusaga ndiyo nyama dhaifu kuliko zote zinazoingia jikoni. Kipande kizima cha steki hubeba vijidudu upande wa nje tu, na kikaango cha moto huvimaliza. Kipande hicho kikipita kwenye mashine, kilichokuwa nje huingia ndani na kusambaa kote. Songea nyama hiyo huishia zaidi kwenye sambusa, katlesi na kababu, na siku hizi kwenye baga, ambayo huja kwa njia tatu: ya kiwandani iliyogandishwa na kuuzwa kwenye friza za maduka, ya bucha, na ya nyumbani. Maswali haya ndiyo yanayorudi mara nyingi, na mengine yalistahili kuzikwa zamani.

Swali: Nyama ya supamaketi haiguswi na nzi na hukaa nyekundu siku nzima. Si ndiyo ile yenye dawa ya maiti? (Barua nyingi, za Bombambili, Msamala, Lizaboni hadi Peramiho, zimeunganishwa hapa.)

Jibu: Hapana, na uvumi huu umedumu mno. Kazi ya fomalini, ambayo ndiyo dawa inayosemwa, ni kukaza protini. Nyama iliyolowekwa humo hukakamaa kama mpira, hugeuka kijivu kana kwamba imeshachemshwa, na mvuke wake huchoma macho na pua. Muuzaji anayetaka nyama yake ipendeze hana faida yoyote ya kuitumia. Nyama nyekundu inayobonyea kwa kidole si nyama ya fomalini.

Nzi naye amepewa cheo asichostahili. Hutua pale harufu inapomfikia, pasipo baridi wala upepo. Nyama iliyo ndani ya friji la kioo haitoi harufu ya kumwita, na hata akiitwa hana mlango. Bucha lililopuliziwa dawa ya mbu alfajiri nalo halitakuwa na nzi, na nyama ya bucha hilo ndiyo ya kuogopa. Nyama iliyotuliwa na nzi haijathibitishwa usalama wake. Imeletewa uchafu wa chooni kwa miguu sita. Mkaguzi wa nyama ni afisa mifugo mwenye kisu na muhuri. Nzi hajasomea.

Kuhusu rangi, wekundu wa nyama si damu. Ni myoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Ikikosa hewa huwa na rangi ya zambarau iliyokolea; ikipata hewa hung'aa nyekundu ndani ya muda mfupi tu; ikikaa siku kadhaa hugeuka kahawia. Ndiyo maana fungu la nyama ya kusaga huwa jekundu juu na limefifia katikati, kwa kuwa hewa hupenya milimita chache. Mnunuzi akifungua mfuko nyumbani na kukuta rangi mbili hukimbilia kulalamika kwamba amechanganyiwa nyama ya jana. Mara nyingi hajachanganyiwa kitu. Kwa upande mwingine, nyama huweza kung'aa ikavutia huku imejaa bakteria, maana bakteria wanaowafanya watu waugue hawaipaki nyama rangi.

Hofu ya dawa ina chanzo cha kweli, lakini dawa yenyewe ni nyingine. Julai 2019, kituo cha televisheni cha NTV nchini Kenya kilirusha uchunguzi ulioonyesha sodiamu metabisalfaiti ikitiwa kupita kiasi kwenye nyama ya supamaketi. Kemikali hiyo ya jamii ya salfaiti huzuia wekundu usififie, hivyo nyama iliyochakaa huonekana imechinjwa leo. Marekani imeikataza kwenye nyama. Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye nyama ya baga iliyochanganywa na nafaka au mboga angalau asilimia 4, na kikomo ni miligramu 450 kwa kilo. Kemikali hiyo huharibu vitamini B1, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Ikizidishwa, nyama hutoa harufu kama ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa. Nyama ya kusaga ambayo siku ya tatu bado ni nyekundu sawasawa, nje na ndani, ndiyo ya kutiliwa shaka. Nzi hana habari na hayo yote.

Swali: Basi ipi bora, ya supamaketi au ya bucha?

Jibu: Iliyosagwa mbele ya mnunuzi asubuhi, kutoka kipande kimoja kilichokaguliwa, na kupikwa siku hiyohiyo, inazishinda zote. Ya pili ni ya kiwandani, ikiwa haijawahi kuyeyuka njiani. Ya mwisho kabisa ni ile ambayo bucha limeisaga mapema na kuiacha kwenye beseni juu ya kaunta, imechanganywa vipande vilivyobaki kwenye gogo. Jambo hili huwaudhi wengi, kwa kuwa inasadikiwa kwamba cha bucha ni cha asili na cha kiwandani ni sumu. Kiwanda kinachojua kazi yake hugandisha nyama mara baada ya kuisaga. Beseni la kaunta halijui hilo. Bakteria anayejigawa kila dakika 20, kama anavyoweza kufanya kwenye joto linalomfaa, hufika zaidi ya milioni 2 kwa saa saba, na hapo alianza akiwa mmoja.

Nyama ya kusaga iliyokwisha kutiwa vitunguu na pilipili na muuzaji haifai kununuliwa kabisa. Viungo hivyo huficha harufu, na harufu ndiyo kipimo pekee alichobakiwa nacho mnunuzi.

Swali: Baga za friza zinatoka mbali. Mtu atajuaje kama ziliyeyuka njiani?

Jibu: Swali zuri, na linaulizwa mara chache mno. Toka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Shehena nyingine husafiri kwenye gari la baridi. Nyingine huwekwa ndani ya boksi la povu na kusukumwa kwenye buti la basi pamoja na magunia. Pakiti husimulia safari yake. Baga zilizogandishwa vizuri hutengana zikigongwa, na karatasi kati yake ni kavu. Zilizoyeyuka na kugandishwa tena huwa tofali moja, kingo zimebonyea, na chini ya mfuko kuna barafu ya rangi ya waridi. Barafu hiyo ni maji yaliyotoka kwenye nyama. Pakiti ya namna hiyo irudishwe kwenye friza na mteja aende zake.

Kisha kuna umeme. Kabla ya 2018 Songea ilikuwa inaendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Mwaka huo mji uliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na ndipo biashara ya friza ilipopata mguu wa kusimamia. Friza iliyojaa na kufungwa huhimili takriban saa 48 bila umeme, iliyojaa nusu saa 24, almradi kifuniko kisifunguliwe. Umeme ukikatika jioni na kurudi asubuhi hakuna kilichoharibika. Mwenye duka anayezima friza kila usiku ili LUKU isiishe ni habari nyingine: nyama yake hupanda joto na kushuka mara 30 kwa mwezi, na kifuniko kikifunguliwa huweza kuyeyuka. Huo si ubanaji wa matumizi, ni kuhatarisha watu.

Swali: Nyama ikitiwa ndimu au papai, vijidudu si vinakufa?

Jibu: Havifi. Papai hulainisha, ndimu hukoleza ladha, moto ndio unaoua.

Swali: Kwenye pakiti imeandikwa soya, maji na unga wa mkate. Ni wizi?

Jibu: Si wizi ikiwa imeandikwa na bei inafanana na kilichomo. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi. Maji yakishika nafasi ya pili mbele ya soya, mnunuzi amelipia maji kwa bei ya nyama. Kwa kulinganisha, Uingereza huitaka baga ya ng'ombe iwe na nyama isiyopungua asilimia 62, na ile inayouzwa kama ya bei nafuu asilimia 47. Marekani ni wakali zaidi: kinachoitwa hambaga hakitiwi maji wala unga, na mafuta hayazidi asilimia 30. Soya yenyewe ni chakula chema. Hata mama wa nyumbani hutia mkate kwenye katlesi na hakuna anayemshtaki.

Wengi hudhani kusinyaa kikaangoni ni ushahidi wa maji. Sivyo. Hata nyama tupu hupoteza robo ya uzito wake au zaidi ikiiva. Povu jingi jeupe na kikaango kinachotokota badala ya kuchachatika ndivyo vinavyoonyesha maji.

Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umetoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Pakiti isiyo na orodha ya viambato, au yenye tarehe iliyokwanguliwa, isinunuliwe.

Swali: Kwa nini baga ya nyumbani hukauka na kumeguka, na ya dukani haifanyi hivyo?

Jibu: Kwa sababu ya ng'ombe. Zebu wa kienyeji, anayechungwa kutwa nzima, ana msuli mwingi na mafuta kidogo, na mpishi huzidisha kosa kwa kuomba steki isiyo na mafuta hata chembe, akiamini ndiyo ya heshima. Baga inataka mafuta kiasi cha asilimia 20. Kwenye kilo moja, gramu 800 ziwe nyama ya mkono na 200 ziwe mafuta ya nundu au kidari, na bucha lisage vyote kwa pamoja. Nyama iwe baridi inaposagwa. Ikiwa vuguvugu mafuta hupakaa kwenye chuma cha mashine badala ya kukatika, na kinachotoka hufanana na uji.

Chumvi itiwe mwisho, baga ikiwa imeshatengenezwa na inaelekea motoni. Ikikandwa na nyama mapema huyeyusha protini za msuli, na baga huwa na mneso wa soseji. Mayai hayahitajiki. Ikande kidogo, unene usizidi sentimita moja na nusu, na katikati bonyeza kwa kidole gumba, maana baga huvimba inapoiva.

Swali: Itajulikanaje kwamba imeiva?

Jibu: Kwa kipimajoto cha chakula: nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya baga. Rangi hudanganya hapa pia. Nyama ya kusaga iliyokwisha kuwa kahawia kabla ya kupikwa huonekana imeiva huku ndani ikiwa bado. Asiye na kipimajoto aitengeneze nyembamba, aifunike na kuipa muda, kisha aipasue moja. Steki inaweza kuliwa na wekundu ndani. Baga haiwezi. Mwaka 1993 nchini Marekani baga zisizoiva za mikahawa ziliambukiza watu zaidi ya 700 bakteria aina ya E. coli O157:H7, na watoto wanne walifariki. Bakteria huyo huharibu figo za watoto wadogo. Anayempa mtoto wa miaka mitatu baga yenye majimaji mekundu kwa kuwa ameona kwenye filamu, anacheza na figo za mwanawe.

Swali: Je, baga za dukani zina nguruwe au punda ndani?

Jibu: Macho hayawezi kujibu, maabara inaweza. Januari 2013 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza vipimo vya vinasaba vya baga 27 zilizouzwa kama za ng'ombe: 10 zilikuwa na chembe za farasi na 23 za nguruwe, na moja ilikuwa na farasi kwa asilimia 29. Mashine moja ikisaga nyama mbili, chembe huhama. Kwa Mwislamu wa Songea, ambako kitimoto ni biashara kubwa, njia ya uhakika ni kuchagua kipande kwenye bucha lisilouza nguruwe na kukisimamia kinaposagwa.

Swali: Kuna nyama ya bei chee mitaani, haijapita machinjio. Ikipikwa sana si inafaa?

Jibu: Haifai. Mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta, na mbegu za kimeta hustahimili kuchemshwa. Anayemchuna huweza kuambukizwa kabla sufuria haijainjikwa. Nguruwe asiyekaguliwa huweza kuwa na tegu, ambalo limeandikwa mara nyingi na watafiti wa Nyanda za Juu Kusini. Kwenye kipande kizima vifuko vyake huonekana, vyeupe kama punje za mchele. Nyama ikishasagwa havionekani tena, ndiyo maana muuzaji wa nyama hiyo hupenda kuisaga.

Swali: Songea ni baridi Juni na Julai. Nyama haiwezi kulala nje?

Jibu: Haiwezi. Baridi inayotakiwa ni chini ya nyuzi 5.

Swali: Baga iliyokaa kwenye kabati la kioo la chipsi tangu asubuhi ikipashwa moto upya, inakuwa salama?

Jibu: Moto huua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuiacha baadhi yao, kama Stafilokokasi anayetoka kwenye mikono na pua za wapishi, haiondoki kwa kupashwa wala kwa kukaangwa. Balbu ndani ya kabati hilo huipasha nyama vuguvugu tu, joto ambalo bakteria hulipenda. Baga ya saa mbili asubuhi inayouzwa saa kumi jioni itupwe.