Tochi ya Kumulika Mbali

Mwenye nyumba huko Kimbo, upande wa Ruiru, asikiapo mbwa wakibweka usiku, hutaka kujua ni nani aliye langoni kabla hajafungua mlango. Asichague tochi kwa hesabu ya lumeni iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye kasha. Lumeni ni jumla ya nuru yote, nayo yaweza kumwagika miguuni tu. Nguvu ya mwali unaokwenda mbali hupimwa kwa kandela. Kandela 10,000 hufika mita 200. Kufika mita 400 zatakiwa 40,000.

Lakini umbali huo, kwa kanuni ya ANSI FL1 iliyotolewa Marekani mwaka 2009, huishia pale nuru inapobaki hafifu kama mbalamwezi. Ili kuutambua uso wa mtu, hesabu nusu yake au pungufu.

Tazama pia kikombe king'aacho kinachozunguka balbu: kilicho kipana na chenye kina hukusanya miali vema. Ikiwa ua ni mdogo, wenye uzio wa mabati, mwali mkali utakurudia machoni mwako mwenyewe. Hapo nuru pana ni bora.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu jioni nje ya duka, wala usiwamulike madereva.