Kukereza Mapambo ya Ukutani Yasiyopasuka



Wengi wenu katika skimu za Tongaren, Ndalu na Naitiri, na ninyi wa upande wa Kitale, mna migrevilea, misaipresi na mikaratusi mipakani mwa mashamba. Mti ukiangushwa, mara nyingi huishia jikoni. Lakini ubao wake waweza kukerezwa ukawa sahani ya ukutani, au duara la kuandikwa jina la boma.

Kukereza si kazi ngeni kwetu. Mafundi wa Lamu wamekereza miguu ya vitanda tangu zamani. Kama huna kerezo, yaani mashine inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga, mtafute fundi wa miguu ya viti na vitanda mjini. Wewe leta ubao ulio mzuri. Pambo likipasuka baada ya mwezi mmoja, mnunuzi harudi tena, na mti wa miaka mingi umepotea bure.

KWA NINI UBAO HUPASUKA?

Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka hunywea, lakini haunywei sawasawa pande zote. Kuufuata mzunguko wa pete zake hunywea karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gome. Kwa hiyo ukikata gogo vipande vya duara kama mkate, kila kipande kitafanya ufa wenye umbo la kabari.

FANYA HIVI

1. Pasua gogo kwa urefu wake, uondoe kiini chote. Kata duara kutoka katika mbao za pembeni. Mkaratusi hupasuka upesi, basi usianze nao. Mti ambao Waluhya huuita lusiola, na Wajaluo siala, ni mzuri kwa nje kwa kuwa mchwa hawaupendi. Usikate mti wa Msitu wa Mlima Elgon bila kibali.

2. Kereza mara mbili. Mara ya kwanza, ubao ukiwa mbichi, acha unene wa sehemu moja ya kumi ya upana. Duara la sentimita 30 libaki na unene wa sentimita 3.

3. Paka nta kingo zilizokatwa, kisha weka kivulini penye hewa, si juani. Pima uzito kila wiki na uuandike. Uzito usipopungua tena kwa wiki kadhaa, ubao umekauka. Huenda ikachukua miezi. Ukianza Desemba, kiangazi kitakusaidia. Sasa kereza mara ya pili, upige msasa.

4. Paka mbele, nyuma na kingo. Ukipaka mbele tu, nyuma itanywa unyevu na ubao utajikunja. Rangi ya mafuta ya kazi za nje hushinda vanishi isiyo na rangi, kwa sababu jua hupenya vanishi hiyo na kuibambua. Kagua kila mwaka kabla ya mvua, upake tena palipochakaa.

5. Tundika chini ya upenu. Weka vijiti nyuma ili pawe na nafasi ya sentimita 1 au 2 ya hewa. Tumia skrubu zisizoshika kutu, na tundu la ubao liwe pana kidogo kuliko skrubu, ili ubao upate nafasi ya kutanuka na kunywea.

HADHARI

Usikaribie kerezo ukiwa na mikono mirefu ya shati, tai au leso inayoning'inia. Vaa miwani ya kukinga macho, na ufunike pua kwa ajili ya vumbi.

JIPIME

Je, kwa nini kiini huondolewa? Utajuaje kuwa ubao umekauka? Kwa nini nyuma nako hupakwa rangi? Mwulize jirani maswali haya kabla hamjaangusha mti wa kwanza.